Siku Niliyomwambia Mgeni Akalie Yogati

Wacheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu najua mmeshaisikia huko nje ikiwa imetiwa pilipili na ndimu, wengine wanasema mgeni alizimia, wengine wanasema mimi nilikimbizwa na mbwa hadi mpaka wa Tanzania, na yote hayo ni uongo mtupu (mbwa walikuwepo, sikatai, lakini hawakuja kwa ajili yangu, tutafika huko). Ukweli wenyewe unatosha kuniaibisha bila kuongezewa chumvi. Nilimwambia mgeni wa heshima, mbele ya umati wa wafugaji, mbele ya pasta, mbele ya mwenyekiti wangu, akalie pakiti ya yogati. Naye akakalia.

Mimi ni mtu wa Karungu, mtoto wa ziwa, lakini riziki yangu iko Kehancha kwa Wakuria, kwenye kiwanda kidogo cha maziwa ambacho wafugaji walikijenga kwa ushirika wao. Asubuhi tunapokea maziwa, tunayageuza yogati, tunaitia rangi ya waridi na ladha ya stroberi (stroberi yenyewe sijawahi kuiona kwa macho, lakini harufu yake naweza kuitambua nikiwa usingizini), halafu mashine inaimimina kwenye pakiti na kuzibana midomo kwa chuma cha moto, pakiti baada ya pakiti, kreti baada ya kreti. Kazi yangu ni kuangalia ubora. Yaani mimi ndiye ninayesema hii nzima, iende sokoni, na hii inavuja, tuinywe wenyewe.

Mambo hayo niliyasomea kwenye chuo kimoja huko Homa Bay, na nilitoka hapo nikiwa na hesabu nyingi kichwani na busara kidogo sana. Kila siku saa nne, tukishamaliza chai, nilikuwa nachukua pakiti chache kwenye mashine, naziweka moja moja juu ya kigoda, naweka ubao juu yake, nakalia ubao. Isipovuja, nzima. Ikivuja, mbovu. Wiki zikapita, nikajumlisha, nikagawanya, nikapata kwamba kwa kila pakiti mia, mbovu ni moja tu. Yawa, nilivyojisikia! Nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa ofisi, herufi kubwa, MBOVU MOJA KWA MIA, na kila mtu aliyepita nilimsomea hata kama anajua kusoma.

Sasa, ndani ya hiyo moja kwa mia kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu, na hata mwenyewe sikujiambia, kwa maana niliona halina haja ya kusemwa. Nilikuwa nimechukulia kwamba zile mbovu zimetawanyika kila mahali, kidogo huku kidogo kule, kama chumvi kwenye supu, ukichota kijiko popote ladha ni ile ile. Mwalimu wetu wa takwimu alikuwa ametuonya kabisa, akasema kabla hujajisifu na hesabu ya namna hii hakikisha kwanza kwamba kuharibika kwa pakiti moja hakuhusiani na kuharibika kwa jirani yake, na kwamba mashine ya asubuhi unayoipima ndiyo hiyo hiyo ya jioni usiyoipima. Mimi nikalikariri hilo, nikalitapika kwenye mtihani, nikapita vizuri, basi, likaishia pale kwenye karatasi ya mtihani.

Siku yenyewe ilikuwa ya kupokea mgeni. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, nyasi imejaa, ng'ombe wanatoa maziwa mpaka watu hawajui wayapeleke wapi, na wafugaji wengine walikuwa wanarudi nyumbani na mikebe iliyojaa kwa sababu sisi hatukuwa na wanunuzi wa kutosha. Ndipo Mama Boke, mwenyekiti wetu (mama mkubwa kwa umbo na kwa sauti, akikuita kutoka zizini unaitika ukiwa sokoni), akamtafuta Bwana Ogola, mtu anayenunulia bidhaa maduka makubwa ya Migori, Awendo mpaka Homa Bay. Bwana Ogola akikubali, kila mkebe Kehancha una pa kwenda. Akikataa, maziwa yatamwagwa. Na mimi binafsi nilikuwa bado niko kwenye majaribio, Mama Boke alikuwa ameniambia wazi kwamba mgeni akiondoka ameridhika, naandikwa kazi ya kudumu.

Kwa hiyo nikanunua shati. Jipya, buluu ya anga, kola imesimama kama ya mtu anayekwenda kuapishwa.

Hema likasimamishwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, wafugaji wakaja na familia zao, Pasta Mwita akaja kufungua kwa maombi. Mama Boke akaniita pembeni.

"Mura," akasema (ndivyo anavyoniita, kijana kwa Kikuria), "leta pakiti za kumwonyesha mgeni. Chagua huku na huku, usitoe mahali pamoja."

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, ndugu zangu, na palikuwa padogo hivi kwamba hata sikupaona. Chumba cha baridi kilikuwa kimejaa kreti hadi kwenye dari, sakafu imelowa, na ili kuchagua huku na huku ningelazimika kupanda, kuinama, kukumbatia kreti za maji maji nikiwa na shati langu la buluu ya anga. Na hapo karibu na mlango, kwa upole kabisa, kulikuwa na kreti moja iliyojaa, ikinitazama. Nikajiuliza, kama mbovu zimetawanyika sawasawa, kreti moja ina tofauti gani na nyingine? Nikajijibu mwenyewe, haina. Nikaichukua hiyo ya mlangoni, nikaishika mbali na kifua kama mtu anayebeba mtoto aliyejikojolea, nikaiweka mezani mbele ya mgeni.

Bwana Ogola alikuwa mtu mnene, mcheshi, amevaa suruali ya rangi ya krimu iliyopigwa pasi ikanyooka. Aliposikia natoka Karungu alinishika mkono akautikisa kwa furaha, "Wuod Karungu, mwana wa Karungu! Kumbe hapa nimefika nyumbani!" Akaonja yogati kwenye kikombe, akafumba macho, akatikisa kichwa. Wafugaji wakapiga makofi. Akasema ladha haina neno, ila ana swali moja.

"Huyo wa kwanza aliyekuwa ananiuzia," akasema, "yogati yake ilikuwa tamu hivi hivi. Lakini mtu wa boda boda anapakia gunia la pakiti, juu ya gunia anapakia abiria, wakifika dukani gunia linatiririka kama ng'ombe anayekojoa. Pakiti zenu zitafika?"

Mama Boke akanigeukia. "Huyu ndiye mtaalamu wetu. Mura, jibu."

Ningeweza kusema, "Bwana, tumejaribu na tutaendelea kujaribu." Maneno machache, yana adabu, nakaa chini. Lakini nilikuwa na shati jipya na maikrofoni.

"Bwana Ogola," nikasema, "kwa hesabu, hapa mbovu ni moja kwa mia. Moja! Hizi pakiti hata ukizikalia hazipasuki."

Akacheka. "Nizikalie mimi? Na uzito huu?"

"Kalia, Bwana."

Nyuma mtu mmoja akadakia, "Kalia!" na kabla sijapumua hema zima lilikuwa linaimba, kalia, kalia, akina mama wanapiga vigelegele, na Bwana Ogola, ambaye nimeshawaambia ni mtu wa mizaha, akasimama, akainua mikono kama bondia. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikachagua pakiti kwenye kreti, nikailaza katikati ya kiti chake. Hata ule ubao wangu wa kupimia sikuukumbuka. Akaanza kushuka taratibu, akaniangalia, nikamtikisia kichwa kumtia moyo, akaketi.

Pwaa!

Yogati ya waridi ilitoka pande zote, ikaruka mpaka kwenye viatu vya Pasta Mwita. Bwana Ogola akabaki ameketi, uso wake kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Sasa mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikafurahi. Naapa, kwa sekunde hizo chache nilifurahi, kwa sababu hesabu yangu ilinijia kichwani ikiwa imenyooka kabisa, nikaishika maikrofoni kwa mikono miwili, nikatangaza:

"Ndiyo hiyo! Ile moja kwa mia ndiyo hiyo, imeshatoka! Zilizobaki zote ni nzima!"

(Kama kuna mwalimu wa takwimu anayesoma hapa, tafadhali usinifuate nyumbani, nimeshateseka vya kutosha.)

Bwana Ogola akajitazama nyuma, akaangalia umati, akaanza kucheka kicheko cha mtu ambaye hana la kupoteza. "Haya, nimeshalowa. Lete nyingine."

Nikaleta nyingine. Nikakifuta kiti kwanza, kwa heshima, nikailaza. Akaketi.

Pwaa!

Safari hii hakuna aliyecheka ila mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake. Nikasikia jasho likipita ndani ya lile shati. "Hiyo," nikasema, "hiyo ni bahati mbaya tu, kwa hesabu mbili zikifuatana ni jambo la nadra sana, mtu anaweza kuishi miaka mingi asilione..."

"Leo tumeliona," akasema Bwana Ogola.

Mama Boke akainuka. Uso ulikuwa umekaza. Aliona ushirika wake unazama mbele ya macho yake, na yeye si mtu wa kuangalia kitu kikizama. Akasema, "Labda mgeni anaketi vibaya. Nipishe," akaichukua pakiti mwenyewe, akaiweka kwenye kiti chake cha mwenyekiti, akakunja kitenge chake kipya, akaiketia kwa nguvu ya mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi.

Sitawaelezea mlio wake. Nitasema tu kwamba ng'ombe wawili waliofungwa kwenye ua walinyanyua vichwa.

Nikatamani ardhi ya Kehancha ipasuke kama zile pakiti. Na hapo Pasta Mwita, mtu mwembamba, mpole, ambaye hakutaka ugomvi na mtu, akajaribu kuniokoa. Akasema, "Jamani, hawa wawili ni watu wenye miili. Labda pakiti zimeelemewa tu," akanyoosha mkono, akainua pakiti moja kwenye kreti, kuinua tu, kwa vidole viwili, atuonyeshe ilivyo nzima. Mdomo wa pakiti ukafunguka polepole kama mdomo wa samaki, na yogati yote ikashuka kifuani mwake, ikapita kwenye tai, ikaingia ndani ya Biblia aliyokuwa ameiweka mapajani.

Ndipo mbwa wakaja. Sijui walitoka wapi, nadhani mbwa wote wa Kuria Magharibi walipashana habari, wakaingia chini ya hema wakielekea moja kwa moja kwenye suruali ya Bwana Ogola, naye akapanda juu ya kiti huku akiita jina la mama yake kwa Kiluo.

Watu walipomaliza kufukuza mbwa, mgeni wetu alikuwa amefungwa leso ya Mama Boke kiunoni (ilikuwa na maua makubwa ya njano), suruali yake iko kwenye karai, na mimi nimesimama mbele ya ile kreti nikiitazama kama anayesoma barua ya kesi. Ubavuni ilikuwa na alama ya chaki. Herufi J. Alama hizo nilikuwa nimezianzisha mwenyewe, A kwa za asubuhi, J kwa za jioni, na kila siku niliziona bila kuziona. Kreti hii ilikuwa ya jana jioni, ya mwisho kabisa, ndiyo maana ikawa mlangoni.

Na jana jioni stima ilipotea. Hilo nililijua vizuri sana, kwa sababu ilipopotea nilikuwa ofisini nikilipiga pasi shati langu. Pasi ikapoa mkononi. Stima iliporudi niliiweka pasi chini, nikangoja, nikaigusa kwa kidole chenye mate, bado, nikangoja tena mpaka ikapata moto, ndipo nikaendelea na kola. Na huku nikingoja pasi yangu nilikuwa nasikia mashine ikinguruma upande wa pili wa ukuta, Marwa, anayeiendesha, amewasha na anaendelea kujaza, na chuma cha kubana midomo ya pakiti si kitu kingine ila pasi. Pasi! Pasi yangu niliipa muda ipate moto, ile ya kiwanda haikunijia hata akilini. Kreti nzima ilibanwa na chuma kilichopoa.

Kumbe pakiti mbovu haziko kama chumvi kwenye supu. Ziko kama omena, wale dagaa wa ziwa letu. Na mimi niliyezaliwa Karungu, niliyekula omena kabla sijaota meno, nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, maana omena hawajitawanyi ziwani kila mmoja na sehemu yake, wanakwenda kundi, unaweza kukokota wavu upate maji matupu, ukisogea kidogo wavu unakushinda kuinua. Mimi nilikuwa natupa wavu wangu kila siku saa nne baada ya chai, wakati mashine imeshapata moto na stima imetulia, halafu nikaliandikia ziwa lote hesabu yake.

Nikayasema hayo pale pale. Bila maikrofoni safari hii. Nikamweleza Bwana Ogola juu ya stima, juu ya chuma, juu ya pasi, juu ya saa nne. Nilidhani ataniacha katikati ya sentensi aende zake, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono juu ya yale maua ya njano.

"Kwa hiyo zile nyingine, za asubuhi, ni nzima?" akauliza.

"Nadhani, Bwana."

"Nadhani. Hilo neno nimelipenda kuliko yale ya kwanza." Akamgeukia Mama Boke. "Mama, toa pakiti moja kwa kila kreti. Za juu, za chini, za nyuma kabisa. Na kiti kiletwe mbele."

"Nani atakaa?" Mama Boke akauliza, ingawa nilivyomwona alikuwa anajua.

"Mtaalamu," akasema Bwana Ogola.

Basi wacheni nimalize haraka hii sehemu. Nilipanda zile kreti, nikazikumbatia moja baada ya nyingine, shati la buluu ya anga likageuka rangi ya matope. Halafu nikaketi mbele ya umati wa watu. Ninaketi, wananyamaza, nasimama, wanachungulia, pakiti nzima, wanashangilia. Naketi tena. Nilikuwa kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, na kila nikishuka mtu anapaza sauti, "Polepole, fundi!" Vijana walitoa simu, sitaki kuzungumzia simu. Za asubuhi zote zilisimama imara. Za jioni za siku ambazo stima haikupotea, nazo zikasimama, ila moja iliyovuja kidogo pembeni ikanilowesha, na hiyo sikuificha, nilimgeuzia mgeni suruali yangu akaiona kwa macho yake.

Bwana Ogola akasema atachukua. Si kwa maduka yote, ataanza na ya Migori pekee, yale mengine ataona. Lakini akaweka masharti: pakiti zipimwe asubuhi, mchana na jioni, stima ikirudi mashine isianze kujaza mpaka chuma kipate moto, na kila kreti ipimwe peke yake. "Na huyu ndugu yangu," akaniwekea mkono begani, "msimfukuze. Mtu aliyeaibika namna hii hatarudia upumbavu huu. Mkiajiri mwingine, atakuja kuuanza upya."

Wafugaji walicheka mpaka wakafuta machozi, na nilipoona mikebe ikiinuliwa kwa furaha nami nikacheka, nikiwa nimelowa nyuma na mbele. Mama Boke hakucheka. Alingoja gari la mgeni lipotee, akanipa ndoo na tambara. "Majaribio yako yanaendelea," akasema. "Anza na viti." Nikaosha viti. Nikaosha hata vile ambavyo hakuna mtu aliyevikalia.

Kabla jua halijatua mama yangu alikuwa ameshanipigia kutoka Karungu. "Nasikia umemvua mzee wa watu suruali," akasema. Nikajaribu kumweleza habari za wastani na kutawanyika. Akanikatiza, "Mwanangu, mimi nimeuliza suruali."

Siku hizi napima kutwa nzima, na moja kwa mia nimeifuta mlangoni. Kila saa ina hesabu yake, kuna saa nzuri na kuna saa za aibu, na zote nampelekea Mama Boke bila kuzichanganya. Sokoni Kehancha bado watoto wakiniona wanapiga kelele "Kalia!" na wauza nyanya wananisogezea kigoda kwa dharau. Nimezoea. Ila Jumapili sijazoea. Pasta Mwita ni mtu wa kusamehe, ameshahubiri juu ya msamaha mara kadhaa tangu siku ile, lakini kila akimaliza kuhubiri, kabla hajaketi, anageuka nyuma na kukipapasa kiti kwa mkono. Na kanisa zima, wazee, akina mama, wanakwaya, nao wanayapapasa mabenchi yao, kisha wanageuka wote pamoja kunitazama. Mimi huwa nasikiliza ibada nikiwa nimesimama.